Taa za Mkono wa Kushoto

Minza, mayu wangu,

Ukiikuta barua hii juu ya begi lako leo jioni, utacheka kwanza. Utasema mzee ameshindwa kuongea kwa mdomo. Ni kweli. Mdomo wangu unaujua, ni wa kutangazia mpira na kutania wateja. Ukifika kwenye jambo lenyewe unaanza kutafuta uchochoro. Kwa hiyo naandika. Jua bado liko juu, wewe hujarudi kutoka kwa shangazi yako Ushirombo, na mama yako yuko chumbani anakunja nguo zako kwa mara ya tatu.

Kuhusu kula, kulala, kufua na watu wa kuwakwepa, mama yako amekwisha kusema yote, na atayarudia kesho mpaka basi la Dodoma liondoke. Mimi nimebakiwa na moja tu. Wiki iliyopita uliniambia huendi. Chuo kimekuita, godoro limenunuliwa, na wewe umesimama mlangoni unauliza, "Baba, nikienda nani atabaki na Mama Sayi kibandani?" Nikakujibu kwa utani, nikasema nitabaki mimi, kwani mimi ni sanamu? Hukucheka. Juzi ukaenda kumuaga shangazi na begi dogo, lakini neno la kwamba unakwenda chuo hujalitoa mpaka sasa. Basi soma mpaka mwisho ndipo uamue. Kuna jambo hulijui, na mimi nimelificha karibu mwaka mzima.

Nianze na yale unayoyajua, maana napenda kukumbuka wakati nilipokuwa mjinga mwenye furaha. Nilitaka kununua mashine sita za gemu, moja kwa kila runinga ya kibanda chetu. Nilikuwa nimeshachora kwenye karatasi. Wewe ulikuwa umetoka kumaliza shule, ukaichukua karatasi yangu ukafunikia maandazi, ukasema inatosha moja. Moja yenye nguvu, ikae chumba cha nyuma. Gemu zichezwe ndani yake, huku mbele ije picha tu. Nikakuuliza ng'ombe mmoja akamuliwe na watu sita kwa wakati mmoja, atasimama kweli? Ukasema atasimama, tena kwa Linux, na programu zote ni huria, hakuna wa kumpigia magoti. Mimi neno huria nilizoea kulisikia kwenye habari za soko, nikadhani tunakwenda kuuza mahindi.

Tukaenda Kahama tukarudi na kompyuta kuukuu ya ofisi iliyofungwa, nimeipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Siku picha ya kwanza ilipotokea kwenye runinga ya sita bila waya, nilizunguka nyuma ya runinga kuutafuta waya wenyewe. Wachimbaji waliokuwa mlangoni waliniona. Mpaka leo wapo wanaoniita Fundi Waya.

Ulimpa kila mteja chumba chake ndani ya mashine, na jina lake, na namba yake ya siri. Ukakataa kabisa kuiunganisha na mtandao wa nje. Anayetaka kucheza, ulisema, aje akae kwenye kiti tumwone. Na ukanifundisha jambo ambalo sikulielewa mpaka liliponitoa jasho: mteja akifunga akaenda zake, picha inakatika kwake tu. Ndani ya mashine mtu wake anabaki palepale alipomwacha, amesimama, kifua kinapanda na kushuka, mpaka sisi tumtoe.

Ulipoweka lile gemu la matofali, la kuchimba, nilikwambia hapa umekosea. Watu wanatoka duarani, kwenye mashimo ya machimbo, tope mpaka masikioni, nani atataka kuchimba tena? Kesho yake foleni ilifika kwa muuza chapati.

Sayi ndiye aliyekuwa mbele ya foleni. Unamkumbuka alivyokuwa anaishika pedi ya kuchezea, kama mtu aliyeshika sururu, mkono wa kushoto mbele kwa kuwa alikuwa mashoto. Wenzake walijenga maghorofa na mazizi. Yeye alilichimba duara lao, lile la Bosi Jilala, hatua kwa hatua. Kila akitoka kazini anakuja kuongeza kile walichochimba siku hiyo, na kila hatua tatu anaweka matimba ya kuzuia udongo na taa moja. Wenzake walimzomea kwamba hata huku hapumziki, kwamba ataomba mgawo wake wa mawe kwa kompyuta. Yeye alijibu tu kuwa huku angalau kifusi hakimwingii machoni.

Sasa nakuja kwenye uchochoro wangu.

Ilikuwa Jumapili mchana, siku ya yale mashindano ya mpira. Runinga tano zimejaa, mimi nimesimama juu ya kreti natangaza, na nilikuwa natangaza vizuri, usinikatalie. Sayi akanivuta shati. "Shikamoo Baba Minza. Naomba uje uone kitu." Nikashuka huku nimegeuza shingo kwenye mpira. Akanipeleka kiti cha sita, akanionyesha shimo lao, halafu akanionyesha shimo jingine upande wa pili, limejaa maji. Hilo, akasema, ni duara la zamani lililoachwa. Mjomba wake alilifanyia kazi, na yeye amelichimba humo kwenye gemu kwa jinsi mjomba alivyomsimulia. Akampeleka mtu wake kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine, akihesabu.

"Hatua tisa," akasema. "Tunaenda upande huo, na ukuta umeanza kutoa jasho. Mwite Bosi Jilala aje aone. Mimi nikimwambia anasema naogopa kazi. Wewe ukisema anakaa chini."

Nikamwambia kesho. Nikamgonga bega, nikamtania kwamba hilo ni gemu, kijana, hata mimi humo nimewahi kuua chui. Nikarudi kwenye kreti.

Na kesho yake Jilala alikuja kweli, Minza. Alikuja mwenyewe, bila kuitwa, akakaa kwenye benchi letu, akanywa chai yetu. Kiti cha sita kilikuwa wazi, hatua tatu kutoka alipokaa. Alikuwa anasimulia jinsi ng'ombe wake wa mahari walivyotoroka na kurudi kwake wenyewe, na mimi nacheka, mdomo umejaa chapati, na moyoni nasema akimaliza nitamwonyesha. Akamaliza, akaanza nyingine. Nilijisikia mkubwa, mtu kama yule kukaa kwangu. Nikajiona nikimwambia, Bosi, njoo uone kwenye gemu namna duara lako lilivyo, nikaona aibu kabla hata hajanicheka. Akaondoka. Nikasema kesho.

Kesho yake asubuhi maji yalipasua ukuta. Watatu walipanda na kamba. Sayi alikuwa mbele.

Yaliyofuata ulikuwepo. Pampu ziliunguruma wiki nzima, maji hayakupungua, udongo ukashuka, duara likafungwa na Sayi ndani yake. Halafu ile siku uliponiita chumba cha mbele kwa sauti ndogo, ukaniambia niangalie runinga ya sita. Mtu wa Sayi alikuwa amesimama pale kwenye ukuta wa hatua tisa, mgongo umetugeukia, kifua kinapanda na kushuka. Hakuna aliyekumbuka kumtoa. Nikakwambia mtoe. Ukasema, "Mtoe wewe." Tukasimama tukitazamana kama watu walioulizwa nani kavunja chungu.

Kabla hatujaamua, Mama Sayi akafika na beseni lake la dagaa wa Chato kichwani. Alitaka tu kuona mahali mwanawe alipokuwa anapitisha alasiri zake. Hatukuwahi kuzima. Alitua beseni, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo, akauliza taratibu, "Huyu mbona anapumua?"

Ungemweleza nini? Ulimweleza vizuri, na picha, na vyumba, na mashine ya nyuma. Akasikiliza kwa adabu zote. Halafu akaketi. Ndugu zake wa ziwani walipokuja kutaka kuzika mgomba badala ya mwili, kama wanavyofanya kwao mtu asipopatikana, aliwaambia mtu anayepumua hazikwi, na wakarudi na mgomba wao. Tangu hapo kila siku saa kumi anakuja, anaketi kiti cha sita, anatazama mgongo wa mwanawe mpaka jua lipoe, anashukuru, wabeja, anaondoka. Wale wachimbaji wenye kelele wote wakajifunza kupita nyuma yake kwa kunyata. Kiti cha tano hakuna aliyekitaka tena.

Halafu asubuhi moja Sayi hakuwa pale. Alikuwa ameugeuzia ukuta mgongo, na mbele yake kulikuwa na njia mpya, hatua mbili. Kesho yake hatua nne, na matimba, na taa.

Mwanangu, mimi huwa nasema siogopi. Siku ile nilikwenda kufungua kibanda nikiimba pambio ambalo hata silijui vizuri. Nywele za shingo zilikuwa zimesimama kama za mbuzi aliyemwona fisi. Mama Sayi hakushtuka. Alihesabu kwa kidole, akatikisa kichwa, akaniambia kwamba mwanawe ameona mwenyewe upande ule ni wa maji, ameamua kuzunguka.

Nilikaa na hofu hiyo mpaka Jumapili moja ambapo wewe ulisema kichwa kinakuuma, ukabaki, sisi tukaenda misa. Nikasahau miwani nikarudi. Kupitia dirisha la chumba cha nyuma nikakuona, pedi mapajani, unamchimbia. Uso wako ulikuwa umelowa lakini mikono yako ilikuwa imetulia, ya fundi. Nikarudi kanisani bila miwani, nikaimba nyimbo zote kwa kukisia.

Sikukwambia kitu. Na hapo ndipo ujue baba yako ni mtu wa aina gani: badala ya kuja kuketi karibu yako, nami nikaanza kuchimba kwa siri. Ukienda kisimani, mimi kiti cha sita. Siku ya kwanza nilijifukia. Siku ya pili nilibandika taa juu ya uso wa mtu mwenyewe. Baadaye nikaweza hatua moja, siku nyingine mbili, za kwenda mbele tu, bapa kama sakafu. Kupanda juu sikujaribu, nilikuwa naogopa nitakachokikuta. Nilikuwa namchimbia mtu aliyekufa kwa sababu ya chapati yangu, na kila hatua nilijiambia hii ni ya kumlipa, na kila hatua nilijua kwamba hapa silipi kitu, hapa najificha tu kwa namna nyingine.

Umenielewa sasa. Wewe ulifikiri ukienda atabaki mama anayesubiri mtu asiyesogea tena, na utakuwa umemuua mara ya pili. Uzito huo haukuwa wako. Ni mimi niliyeambiwa hatua tisa. Nikakuacha ubebe huruma mgongoni kama kuni, na mimi niliyezikata nyuma yako natembea mikono mitupu.

Kwa hiyo leo asubuhi nilikuwa nimeamua. Jana na juzi nilikuwa Kahama kwa ajili ya tiketi yako, kibanda kimefungwa na funguo zimo mfukoni mwangu. Nimefika, nimemkuta Mama Sayi ameshakaa kizingitini, mapema kuliko siku zote, bila beseni. Shikamoo, marahaba, mhola, mhola. Nikafungua mlango lakini sikuwasha runinga. Nikamwambia akae. Nikamwambia yote, kuanzia kreti mpaka chapati. Sikupamba.

Kuku aliingia, akatoka.

"Alikwambia hatua tisa?" akauliza.

"Tisa."

"Na mimi aliniambia." Akaanza kukunja ncha ya kanga yake. "Jioni ile ile. Nilimwambia aache woga, baba yake hakuwa mwoga. Nikamfungia viazi, nikamwambia aende kazini."

Minza, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa na kiatu. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Mwaka mzima tumekaa watu wawili kwenye chumba kimoja, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyeitwa akakataa kuja kuona.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaona nimalize. Nikamwambia na la pili: kwamba zile hatua mpya si za Sayi, ni zangu na za binti yangu, na tulifanya kwa kumwonea huruma, na tunaomba atusamehe.

Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayebisha kuhusu dagaa.

"Hilo najua, Baba Minza. Taa za kulia ni zenu."

"Za kulia?"

"Mwanangu alikuwa mashoto. Taa anaibandika kwa mkono wake wa nguvu, kushoto. Zenu zote ziko kulia. Tangu siku ya kwanza nilijua. Nilikuwa nakuja kuhesabu zile nyingine."

Nikamwambia hakuna nyingine. Akaniambia niwashe.

Nikawasha. Picha ilipokuja sikumwona Sayi. Kulikuwa na njia yetu, bapa, taa zetu kulia kama alivyosema, na kweli hapa na pale, katikati ya zetu, taa moja moja kushoto ambazo macho yangu yalizipita miezi yote. Halafu mahali nilipoachia mimi, njia ilikuwa imepinda juu. Ngazi, Minza. Ngazi zilizokatwa vizuri, matimba kila hatua tatu, taa zote kushoto, moja baada ya nyingine, zinapanda. Nikazifuata na pedi. Zilikuwa nyingi kuliko ninazoweza kuchimba kwa mwezi. Mwisho wake palikuwa na mwanga mweupe, na nje ya mwanga kulikuwa na majani, na upepo kwenye majani, na mtu amesimama juani, sura ametugeukia. Sikuwahi kuiona sura yake humo. Siku zote tulikuwa tunaona mgongo.

Mama Sayi hakulia. Alimtazama kama unavyomtazama mtoto akitoka kuoga, kama amejisugua nyuma ya masikio.

"Katoka," akasema. "Sasa ndugu zangu walete mgomba." Kisha akaniambia, "Na binti yako mwambie aende shule. Kiti hiki hakina mtu."

Akaniomba nikifunge chumba cha mwanawe ndani ya mashine. Nilitafuta ile karatasi uliyoniandikia amri, nikakosea mara mbili, mashine ikanitukana kwa Kiingereza. Mara ya tatu ikauliza kama nina hakika. Sikuwa nayo. Yeye akanyoosha kidole akabonyeza. Runinga ikawa nyeusi, tukajiona humo wawili, wazee, tumekaa kama tunaosubiri picha ya paspoti. Nadhani mimi ndiye niliyeanza kucheka. Au kulia, vinafanana ukiwa na umri wangu.

Baada ya yeye kuondoka nilikaa nikapiga hesabu. Mimi nilikuwa Kahama. Wewe ulikuwa Ushirombo, na mashine hii haitoki nje ya kuta, ulihakikisha mwenyewe. Funguo nilikuwa nazo. Mama yako nimemuuliza mchana huu, kwa mzaha, kama siku hizi anacheza gemu. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaendelea kukunja sketi yako.

Najua kuna daftari ndani ya mashine linaloandika nani ameingia, kwa runinga gani na saa ngapi. Ulinifundisha kulifungua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nakumbuka amri yote bila karatasi. Sijaliandika hilo neno. Nimelikaribia mara mbili nikaenda kunywa maji. Huenda zile taa za katikati ni zako. Huenda ulijua kuhusu mkono wake mapema kuliko sisi wote, wewe huwa unaona vitu. Lakini ngazi siwezi kukuuliza, na kesho stendi usiniambie. Nitakuwa nimebeba begi lako na nitakuwa natania kondakta, niache nitanie.

Huko uendako utakaa mbele ya mashine kubwa kuliko hii yetu, na watu wenye akili watakuzunguka, na utakuwa na shughuli nyingi, nyingine tamu kama kutangaza mpira. Siku moja mtu asiye na cheo atakuvuta shati aseme njoo uone. Mayu wangu, shuka kwenye kreti. Hata kama ni upuuzi, utacheka ukiwa umeshaona.

Basi lako ni alfajiri. Kiti cha sita nimekifuta vumbi. Kesho kutwa wachimbaji watauliza kama kiko wazi, nami nitasema kiko wazi, na nina hakika atakayekikalia kwanza atakaa kwenye ncha.

Nenda, Minza.

Ni mimi baba yako, Fundi Waya, ambaye taa zake zote ziko kulia.